Kunyanyua gari mwenyewe nyumbani kwenye uwanja wa udongo: yaliyonikuta mimi na gari yangu ya Noah

Mkuu uliyeuliza hapo juu, kwanza hongera kwa jeki. Umesema una Toyota IST, jeki ya magurudumu ya tani 2, upo Rau na uwanja wako ni udongo mtupu, unataka kumwaga oili na kufunga pedi za brek za mbele mwenyewe, ukauliza tofali za bloku zitatosha kuwekwa chini au ununue stendi za chuma za kukalishia gari. Wadau wamekujibu kuhusu tofali, nitafika huko, ila sijaona mtu aliyekuuliza kitu ambacho mimi nilikuja kukijua kwa kuumbuka: ukishainyanyua hiyo gari, inazuiwa na nini isitembee?

Mimi nipo hapa hapa Moshi, njia ya Kibosho, na huku mnajua uwanja ulionyooka haupo, ukiuona ujue kuna mtu kachimba. Kwangu kwa macho unaona pako sawa, lakini mwaga maji ya kuoshea vyombo uone yanavyokwenda yenyewe mpaka kwenye migomba. Kipindi hicho nilikuwa na Noah ile ya zamani, ya injini chini ya viti vya mbele, nyuma brek zinalia kama mlango wa banda. Jumamosi nikasema leo fundi simpelekei, brek shuu nafunga mwenyewe, nimeshamwona akifunga mara tatu kuna nini pale.

Nikafanya yote niliyoyajua. Gari kwenye P (ile gia ya kuegesha ya gari za otomatiki), handbrek juu, nikalegeza nati, nikapiga jeki nyuma kushoto, tairi likatoka nikaliegemeza ukutani. Kuvuta drami, lile bakuli la chuma linalofunika brek shuu, wapi, haitoki. Wenye uzoefu wanajua hapo, handbrek ikiwa juu shuu zinaibana drami kwa ndani, hutoi. Basi nikazunguka mlango wa dereva nikashusha handbrek, moyoni nasema P si ipo. Nikarudi nikachuchumaa, nikaishika drami kwa mikono miwili, nikaitikisa ikaja nusu inchi hivi, nikaitikisa tena kwa hasira.

Nikashangaa drami inazunguka mikononi mwangu. Tena inazunguka kurudi nyuma, na gari inakwenda mbele. Nilikaa na hilo swali kichwani kama sekunde nzima badala ya kukimbia. Halafu jeki ikalala, nyuma ikashuka puu, drami ikazama kwenye udongo kama jembe, na gari ikanasa hapo hapo kwa sababu ile drami ilikuwa imeshachimba. Goti langu la kulia na drami palikuwa na nafasi ya kiganja. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko, akauliza umeangusha nini huko, nikamwambia jeki. Hakuuliza tena, akarudi, mimi nikaendelea kuchuchumaa pale pale maana miguu ilikuwa haisimami.

Sasa kwa nini iliondoka na ilikuwa kwenye P? Noah ile inasukumwa na tairi za nyuma. P inafunga gia boksi, kwa hiyo shafti inayokwenda nyuma haizunguki. Sawa. Lakini katikati ya tairi mbili za nyuma kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu tairi moja lizunguke tofauti na lenzake unapokata kona. Ukinyanyua tairi moja likaelea hewani, lile la chini linaweza kuzunguka kwenda mbele na lile la hewani likazunguka kurudi nyuma, shafti imetulia tuli haina habari. P yako inakuwa ni mapambo. Ndiyo maana drami ilikuwa inazunguka kinyume mikononi mwangu. Kilichokuwa kinaishika ile gari muda wote ni handbrek peke yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kuishusha.

Wenye Land Rover za zamani nao wasome hapa, na mkoa wa jirani zimejaa, mliona wenyewe 2024 kwenye lile tamasha Arusha jinsi zilivyopangana. Defender handbrek yake haishiki tairi, inashika shafti inayotoka gia boksi. Kwa hiyo tairi moja la nyuma likishaelea, P huna na handbrek nayo ni kama huna. Mtu anatoka kwenye Corolla anarithi Defender ya mzee, anapiga jeki kwa mazoea yale yale.

Turudi kwenye IST yako. Hiyo inavutwa na tairi za mbele, handbrek inashika za nyuma. Wewe kazi zako zote mbili ni za mbele, yaani utanyanyua mbele, na mbele ikishanyanyuka hata upande mmoja tu, P imekwisha kazi kwa sababu ile ile ya difu. Umebaki na handbrek, na waya wa handbrek wa gari iliyotoka Japani na miaka yake tunaujua ulivyo, wengine mnavuta mpaka juu kabisa ndipo inashika kidogo. Kwa hiyo weka kabari tairi zote mbili za nyuma, mbele na nyuma ya tairi. Jiwe la duara usiweke, linabingirika. Umeshawaona utingo wa malori wanavyoruka na gogo mkononi gari ikisimama mlimani? Wale jamaa sio wajinga. Mimi nimekata mkaratusi vipande vinne kwa mshazari, vinakaa kwenye buti, na navigonga kwa nyundo vikae kabisa chini ya tairi, sio kusogeza kwa mguu tu.

Halafu ardhi. Hii jeki yako ya magurudumu ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: mkono wake ukipanda hauendi juu moja kwa moja, unakwenda kama upinde, ndiyo maana imewekewa magurudumu, inatakiwa itambae kidogo chini ya gari wakati inapanda. Kwenye sakafu ya zege inatambaa yenyewe wala huoni. Kwenye udongo vile vigurudumu vidogo vinazama, jeki haitambai, basi kinachosogea ni kichwa chake pale kilipogusa bodi, au gari yenyewe inavutwa. Ukiona jeki inaanza kuegemea upande, acha, shusha, panga upya, usijidanganye kwamba ukiongeza mbili tatu itakaa. Na mvua za masika ndio kabisa, udongo wetu huu mwekundu asubuhi mgumu kama tofali, mchana ikinyesha ni uji.

Dawa yake ni mbao. Mimi nina ubao mnene wa inchi 2, mpana kuzidi jeki pande zote, mrefu wa kutosha jeki itambae juu yake. Ukipata taruma la reli la mti hutakuja kutafuta kingine. Wenye jeki ya chupa kwenu ni muhimu zaidi, maana ile kitako chake ni kidogo kama sahani ya chai na uzito wote unapita pale.

Tofali sasa. Mkuu usiweke. Najua mafundi wanaweka, najua gari zimelala juu ya tofali miaka, najua nyumba nzima imekaa juu ya hayo hayo tofali. Lakini ukutani uzito umesambaa juu ya tofali lote na kuna udongo wa saruji katikati umejaza mabonde yote. Chini ya gari uzito unakuja kwenye kidole kimoja cha chuma, pembeni ya tofali, na zege likibanwa sehemu moja linapasuka, na linapasuka bila kuaga. Hizi za kuuza barabarani ndio sitaki hata kusema, mtu anavuta mfuko mmoja wa saruji mpaka utoe tofali za kujenga choo kizima. Tatizo la pili la tofali ni kwamba likipasuka haliachi kitu, linakuwa kokoto. Mbao ikizidiwa inalia kwanza, inabonyea, unasikia, unapata muda wa kutoka. Kama stendi huna leo na shida ni kubwa, panga vipande vya mbao nene viwili viwili kwa kupishana, kama unavyopanga kuni zikauke, kitako kiwe kipana kuliko kimo. Hiyo nimeshaitumia na nalala chini yake kwa amani. Tofali hapana.

Ila stendi nunua bwana. Jozi moja, soma maandishi vizuri maana nyingine tani zilizoandikwa ni za jozi na sio za stendi moja. IST nzima haipishani mbali na tani moja, kwa hiyo stendi za tani 2 zinakutosha sana. Zile za kuchomelea mtaani kwa bomba la maji juu ya rimu kuukuu, mimi nimeziona zilizokaa vizuri na nimeziona ambazo hata ndoo nisingetundika. Kama huwezi kutofautisha mchomeleo mzuri na mbaya, achana nazo. Na stendi nazo miguu yake inazama kwenye udongo, kila moja iwekee ubao wake.

Pa kuweka jeki na stendi. Ukichungulia pembeni chini ya milango kuna ukingo wa bati umekunjwa unaning'inia, na karibu na kila tairi utaona vipengo viwili kwenye huo ukingo. Kati ya vipengo ndipo pameimarishwa, ile jeki ya mkasi iliyokuja na gari ndipo inapokaa. Ukienda nje ya hapo bati linajikunja, na likishajikunja hata fundi wa bodi hakurudishii. Mimi nilikwenda kwa wale wanaochonga katambuga za tairi, nikaomba kipande cha mpira, nikamwambia anichongee mfereji katikati, ule ukingo unaingia kwenye mfereji, jeki inabeba mpira. Jamaa alicheka sana ila kachonga vizuri. Ukitaka kupiga jeki katikati ya mbele, tafuta kile chuma kinene kinachopita chini nyuma ya injini, usije ukapiga sampo, sampo ni bati la kubeba oili sio la kubeba gari.

Ukishashusha gari juu ya stendi, ishushe taratibu, fungua vali ya jeki kidogo kidogo, angalia stendi zote mbili zimegusa sawa. Kisha simama pembeni uisukume gari kwa bega. Isukume kweli, kwa nguvu zako. Kama itaanguka ianguke sasa hivi wewe ukiwa umesimama. Nilipoanza kufanya hivi niliona aibu majirani wakinitazama naisukuma gari iliyonyanyuliwa kama mlevi, siku hizi hawashangai. Jeki usiitoe, iache imegusa bila kubeba. Jeki inabeba kwa oili iliyozuiwa na sili ya mpira, sili ikichoka inashuka, wakati mwingine polepole unaona, wakati mwingine haikupi nafasi hiyo. Na lile tairi ulilotoa usiliegemeze ukutani kama nilivyofanya mimi, lilaze chini ya gari, pembeni ya stendi. Mabaya yakitokea gari inalalia rimu, inabaki nafasi ya mtu.

Nati legeza gari ikiwa bado chini, robo mzunguko tu inatosha, maana kuvuta spana ndefu gari ikiwa juu ni sawa na kuitikisa kwa makusudi. Watoto, mbwa na kuku wote nje ya hapo. Mwambie mtu wa nyumbani kwamba unaingia chini, na simu iwe mfukoni, isiwe juu ya boneti.

Oili chafu usimwage karibu na mfongo, yaani mfereji wa maji, watu wa chini yako wananyweshea mboga. Weka kwenye dumu, wenye misumeno na wapaka mbao watakuja kuiomba wenyewe.

Pedi nazo, ili zipya ziingie itabidi uisukume pistoni ya kalipa (kile kibano kinachobana pedi) irudi ndani, kwa hiyo ukimaliza, gari ikiwa imeshuka chini na kabari zako bado zipo, kanyaga pedo ya brek mara nyingi mpaka iwe ngumu mguuni kabla hujaweka gia yoyote. Pedo ya kwanza itakwenda mpaka sakafuni bila kushika chochote, usishtuke. Jirani yangu alifunga pedi vizuri kabisa, stendi, kabari, kila kitu, akawasha akarudi rivasi moja kwa moja, na geti lake mpaka leo linafungwa na waya.