Kwa wadogo zangu wanaoanza zamu kwenye vituo vya umeme wa maji vya mto Ruzizi

Siku ya kwanza nilipoletwa pale mto unapotoka ziwani, hapa Bukavu, nilitazama ziwa Kivu nikajiambia: maji haya hayaishi. Kina chake kinafika mita 485! Wadogo zangu, nawaona na nyinyi mnalitazama kwa jicho lilelile.

Hizo mita 485 zisahauni. Maji yaliyo chini ya kizingiti cha mto hayazungushi kitu. Ghala letu ni ngozi nyembamba ya juu tu, na tunaihesabu kwa sentimita. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba karibu 2,400, kwa hiyo sentimita 1 ni mita za ujazo milioni 24. Mto ukitoka na mita za ujazo 100 kwa sekunde, siku nzima unabeba milioni 8.64. Fanyeni hesabu: sentimita 1 ni chakula cha siku karibu tatu. Sasa igeuzeni. Mkitoa mita za ujazo 10 kwa sekunde zaidi ya zinazoingia, ziwa litashuka sentimita 1 baada ya wiki nne hivi. Wiki nne! Nani ataona? Deni la mwezi wa pili linakuja kudaiwa mwezi wa saba, kiangazi, mito ya milimani ikiwa imekonda, na anayelipa ni mwenzako wa zamu nyingine.

Ndiyo maana kusoma rula ya maji, ile ya ukingoni inayoonyesha ziwa limefika wapi, si kazi ya kumtuma mlinzi. Mimi nilianza vibaya. Mchana mmoja wa upepo nilisimama ukingoni, wimbi likapanda, nikasoma, nikaandika daftarini, nikaenda kula. Nilizidisha sentimita 3. Aliyenipokea zamu, mzee aliyekaribia pensheni, hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mtoto wangu, hii maji milioni 72 umeitoa wapi?" Sikuelewa hata anasema nini. Akanishika mkono hadi kwenye rula, tukachuchumaa, akanisomesha mara kumi: wimbi juu, wimbi chini, juu, chini, kisha tukatafuta wastani. Akanionyesha na ule mstari wa ubichi kwenye saruji, ambao ndio niliokuwa nimeusoma. Ule unaonyesha wimbi lilipofika. Maji yenyewe yako chini yake.

Na upepo unaweza kusukuma maji upande mmoja wa ziwa, kwa hiyo kipimo cha Bukavu peke yake hakitoshi. Ulizeni upande wa Goma, kaskazini mwa ziwa, wamesoma ngapi. Mvua nayo msiiamini haraka. Ikinyesha Kadutu, hapa mjini, mpaka barabara ikawa mto, mnaweza kupiga simu kaskazini mkaambiwa wao wanaanika nguo.

Takataka ni habari nyingine, na wageni kutoka shule za ufundi huwa hawaitarajii, kwa sababu vitabuni maji ni masafi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha miteremko yote ya mji: chupa za plastiki, mifuko, kandambili, mabua. Mto Kawa unazileta ziwani, ziwa linazileta kwetu, zinajipanga kwenye wavu wa chuma mbele ya mlango wa turbini, mashine inayozungushwa na maji, kama mkeka. Usiangalie wavu kwa macho tu. Pima maji mbele yake na nyuma yake. Tofauti ikifika mita 1, basi kwa mtiririko wa mita za ujazo 100 kwa sekunde umeshapoteza karibu kilowati 980 za nguvu ya maji kabla hayajagusa turbini, na maji yenyewe yamekwenda. Kule mjini watu watasema delestaji, yaani mgao wa umeme, imerudi, watatukana kiangazi, kumbe ni kandambili. Kusafisha wavu ni kazi chafu, najua. Fanyeni kabla ya saa kumi na mbili jioni, mama wa nyumbani hawajawasha majiko.

Jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa ni kwamba maji yakishatupita si kwamba yamekwisha kazi. Stesheni ya Ruzizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, iko juu. Ruzizi II, ya mwaka 1989, iko chini yake, na umeme wake unagawiwa Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ni yaleyale. Mto unashuka zaidi ya mita 600 kutoka Kivu hadi ziwa Tanganyika, na njiani kuna wanaofua, wanaochota, wanaomwagilia mashamba ya uwanda. Ukifungua lango kwa mkupuo, kuna mtoto aliyesimama juu ya jiwe. Fungua kwa hatua, subiri, fungua tena, hata kama bosi anapiga kelele simuni kwamba umeme unahitajika sasa hivi. Atanyamaza.

Usiku mmoja, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati huo, turbini ilijizima yenyewe. Nilikimbilia mashine: joto, mafuta, relei, kila kitu nilikipima isipokuwa mto. Turbini ikisimama, maji yaliyokuwa yakipita ndani yake nayo yanasimama, mpaka mtu afungue lango la pembeni. Nilikuwa peke yangu na nilisahau. Baada ya dakika arobaini simu ikalia, sauti ya kutoka kituo cha chini, bila salamu: "Ndugu, mmekunywa mto?"

Toka siku ile, mashine ikianguka, mkono wangu wa kwanza unakwenda kwenye lango, wa pili kwenye simu, ndipo nageukia mashine. Na namba ya kituo cha chini iandikeni ukutani kwa rangi, kubwa. Msiiweke kwenye simu zenu tu. Simu huisha moto, hata ndani ya nyumba inayotengeneza umeme.