Unaandika mto wa sayari nyingine? Anza na mzigo

Juzi usiku nimepata meseji ya msomaji wa Masasi: "Kaka, ile hadithi yako ya mto wa Titan nimeisoma mpaka simu ikazima chaji, na mimi naandika za anga, nipe siri." Jamani nimefurahi, maana hadithi hiyohiyo kuna mhariri aliirudisha akasema sisi watu wa Mtwara tuandike mambo ya korosho. Neno lile bado linaniuma, sitaficha.

Siri ni mzigo ndugu yangu. Wengi tunakimbilia rubani na silaha za mwanga, mto unabaki pazia tu nyuma ya stori. Mimi nilienda kukaa Kilambo, kivuko cha mto Ruvuma, nikawaangalia wapiga pondo wanaovusha watu na magunia kwenda Msumbiji. Kabla ya kupakia mtu anachomeka pondo majini, analitoa, anaangalia mti umelowa mpaka wapi, ndio anaamua baiskeli yako ipande au isubiri. Kiangazi mafungu ya mchanga yanahama, ulipopita juzi leo unakwama. Hadithi yangu ilizaliwa hapo, sio kwenye sinema.

Sasa twende Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali. Chombo cha utafiti cha Huygens kilitua kule Januari 2005 kikapiga picha za mawe ya mviringo, yale yanayosuguliwa na mto, ila yanadhaniwa ni barafu ya maji, ngumu kabisa kwa sababu baridi ya kule ni kama nyuzi 179 chini ya sifuri. Kinachotiririka mitoni ni methani, ambayo hapa kwetu ni gesi ila kwa baridi ile inakuwa kimiminika.

Na hapa ndipo waandishi wengi wanapopotea, wanasema mvutano, ile nguvu inayovuta vitu chini, ukiwa mdogo chombo kinaelea juu zaidi. Hapana! Mvutano unapungua kwa chombo na kwa kile kinachokibeba, kwa hiyo haubadilishi kitu. Angalia uzito wa kimiminika chenyewe: lita ya maji ni kilo moja, lita ya methani ya kule haifiki hata nusu kilo. Maana yake pantoni inayozama nusu mita hapa kwetu, na mzigo uleule, kule inazama zaidi ya mita nzima, na kijito ambacho ungekipita kinakugomea. Barafu nayo ukiidondosha haielei, inaenda chini moja kwa moja. Na kuli je? Mvutano wa Titan ni kama sehemu moja ya saba ya wetu, gunia la kilo 70 analinyanyua kama la kilo 10, lakini likishaanza kuserereka kwenye sitaha kulisimamisha ni kazi ileile ya kilo 70, linaweza kumvunja mbavu. Mimi sura nzima imetoka kwenye gunia moja.

Kwa hiyo vijana wa Mtwara na Lindi pimeni kina kwanza, stori baadaye. Pimeni kina! Msikubali mtu awapangie cha kuandika, nyie mmekulia kwenye vivuko, mnajua maji yakipwa biashara inasimama, huo mtaji wengine hawana.

Na wewe wa Masasi, kabla hujanitumia sura ya kwanza niandikie chombo chako kimebeba nini, kinazama kiasi gani na nani analipa hasara kikikwama. Nikishapata hayo matatu nitaisoma usiku huohuo.