Mgeni Kashika Kitabu ila Ukurasa Haujui: Maswali na Majibu

Maswali mengi mliyonitumia safari hii yanazunguka jambo moja tu, wageni wanaoingia kwenye hizi parishi zetu za Kianglikana za kizamani, zile za Kitabu cha Sala (kitabu cha ibada cha Kianglikana), magoti na kinanda. Mi ni mhudumu wa mlangoni miaka mingi sasa kwa hiyo ntajibu kama mtu wa mlangoni, yale ya theolojia nzito mkawaulize makasisi wenu.

Wageni kwetu wanakuja mara moja hawarudi. Vijana kwenye kamati wanasema tatizo ni liturujia, yani utaratibu wa ibada ulioandikwa kitabuni, lugha ya zamani mno, eti tuiweke pembeni tulete skrini na bendi. Unasemaje?

Kabla hamjakifukuza kitabu, kuna mtu ameshamuuliza hata mgeni mmoja kwa nini hakurudi? Maana mara nyingi tunakaa kwenye kamati tunawasemea watu ambao hatujawahi kuongea nao. Mtu anayetaka bendi anajua pa kuipata, hajapita makanisa yote yenye spika akaingia kwenu kwa kupotea njia. Unakuta alikuwa anatafuta utulivu, au bibi yake alimlea kwenye sala hizi akazikumbuka, au amechoka tu kuimbishwa. Alafu akifika mnamkabidhi kitabu kinene mnamwacha nacho.

Hapo ndo shida ilipo. Hebu kishike Kitabu cha Sala, toleo la mwaka 1662, kama hujawahi kukiona maishani. Ibada ipo sehemu moja, kolekti (sala fupi ya siku) na waraka na injili ya Jumapili ziko sehemu nyingine kabisa, Zaburi ziko kule mbele zaidi, yani unahitaji vidole vitatu vya kushikilia kurasa na bado hujapata mkono wa kushika kitabu cha nyimbo. Sisi tuliozaliwa humo hatulioni hilo. Na Zaburi zenyewe zimegawanywa kwa siku za mwezi, siku 30, asubuhi na jioni, kwa hiyo kiongozi akisema "siku ya 14, sala ya asubuhi" wenyeji wanafungua Zaburi ya 71 na mgeni wa watu yuko kwenye Zaburi ya 14 anashangaa mbona anachosoma yeye na kinachosomwa na wengine ni vitu viwili tofauti. Hilo nimeliona kwa macho yangu si mara moja, mtu anafunga kitabu taratibu anakiweka kwenye benchi, na ukiona amekiweka ujue umeshampoteza.

Cha kuchekesha Cranmer mwenyewe, askofu mkuu aliyekiandaa Kitabu cha Sala cha kwanza, alilalamikia jambo hilihili. Kwenye dibaji ya kitabu cha kwanza, 1549, anasema vitabu vya ibada vya zamani vilikuwa na kanuni nyingi za kugeuza kurasa mpaka kazi ya kutafuta cha kusoma ilikuwa kubwa kuliko kukisoma chenyewe. Kwa hiyo ukimsaidia mgeni kupata ukurasa hujaivunja mila, ndo unaifuata.

Fanyeni hivi. Anayeongoza ataje ukurasa, kwa sauti, na asubiri sekunde tano watu wafike. Wekeni karatasi moja iliyokunjwa yenye mpangilio wa siku hiyo. Na kubwa kuliko yote, awepo mtu wa kukaa benchi moja na mgeni, siyo wa kumsimamia kama mwalimu wa mtihani, wa kukaa tu na kitabu chake wazi ili mwenzie akichungulia aone. Jaribuni mwaka mmoja hivyo, baada ya hapo kama bado mnataka skrini tutaongea.

Mimi ndo mgeni mwenyewe. Nataka kuanza kuja ila sijui muda gani wa kusimama na muda gani wa kupiga magoti, naogopa kuaibika mbele za watu.

Karibu sana ndugu yangu. Kanuni ya zamani ni rahisi: tunasimama kusifu, tunakaa kufundishwa, tunapiga magoti kuomba. Kwa hiyo nyimbo, zaburi na Kanuni ya Imani unasimama, masomo na mahubiri unakaa, maungamo na maombi unapiga magoti, ila Injili kwenye Ushirika Mtakatifu (ibada ya Meza ya Bwana) unasimama japo nayo ni somo, kwa heshima. Magoti yakisumbua kaa uinamishe kichwa, hakuna atakayekuuliza.

Siri moja nyingine, usikae benchi la mbele kabisa. Wageni wengi wanakimbilia nyuma na wachache wanajitupa mbele, we kaa katikati, uwe na watu mbele yako wa kuwaangalizia. Ukiona wengine wanainamisha kichwa likitajwa jina la Yesu, au wanafanya ishara ya msalaba, hayo ni mazoea ya ibada ya mtu na mtu, wengine humohumo hawafanyi, usijilazimishe. Na kama umetoka kanisa ambalo wimbo wa Utukufu kwa Mungu Juu unaimbwa mwanzoni, usishtuke ukifika karibu na mwisho wa Ushirika ndo unauona, kitabu cha 1662 kimeuweka kule baada ya watu kushiriki.

Alafu usiihukumu kwa Jumapili moja. Ya kwanza utakuwa unahangaika na kurasa, ya pili unahangaika kidogo, kama ya nne au ya tano hivi unashangaa mdomo umeitikia wenyewe kabla hujaangalia kitabu.

Mama yangu ana miaka 40 anakaa benchi lilelile. Jumapili iliyopita amekuta familia ngeni imekaa hapo, akawaomba wahame, wakahama wakaondoka kabisa. Sasa watu wanamsema. Alikosea?

Alikosea ndio, na mama yetu tunampenda.

Ntakwambia yaliyonikuta mimi. Mara ya kwanza kuingia parishi ya namna hii, sitaitaja, nilikaa mahali akaja mzee mmoja akasimama pale pembeni akaniangalia. Hakusema kitu! Aliangalia tu mpaka nikanyanyuka. Nilikaa miaka miwili sijarudi kwenye kanisa la Kianglikana kwa sababu ya yale macho, na mahubiri ya siku hiyo sikumbuki hata neno.

Haya mambo ya kumiliki benchi yana historia yake. Uingereza na Marekani karne ya 19 familia zilikuwa zinalipia benchi kabisa, pesa inaingia kanisani, na wasio na kitu wanakaa kwenye viti vya bure huko pembeni au nyuma. Waanglikana wengine wakapigana nayo wakataka viti vyote viwe wazi kwa wote, ikachukua miaka mingi. Yakobo alishaliongea zamani, sura ya 2, habari ya mwenye pete ya dhahabu kuambiwa keti hapa mahali pazuri na maskini akaambiwa simama kule. Siku hizi hatulipii, lakini macho tumebaki nayo.

Ila mkae na mama kwa upole. Miaka 40 kwenye benchi moja siyo kiburi tu, pengine hapo ndo alipokaa na baba yenu. Mwambieni akiikuta familia benchini mwake akae nao, awaonyeshe kurasa, hakuna mtu kwenye parishi nzima anayejua kitabu kumshinda yeye.

Je, tuendelee kuwasimamisha wageni wakati wa matangazo wajitambulishe?

Hapana. Wapo wanaopenda, najua, lakini yule aliyekuja kimyakimya kwa sababu ana msiba moyoni hapendi, na huyo ndo hatakwambia. Tangaza kwamba mnafurahi kuwa na wageni, waachie wenyewe waje mlangoni.

Rafiki yangu amebatizwa kanisa lingine, anaweza kuja kwenye Meza ya Bwana? Nilimwambia aje tu, mzee wa kanisa akanikaripia.

Swali hili muulizeni kasisi, na muulizeni kabla ya Jumapili, siyo kwenye foleni ya kwenda madhabahuni. Ntaeleza tu kwa nini majibu yanatofautiana. Kitabu cha 1662 kinasema asipokelewe mtu kwenye Ushirika mpaka awe amepata kipaimara (kuwekewa mikono na askofu), au yuko tayari na anatamani kukipata. Kinataka hata anayekusudia kushiriki apeleke jina lake kwa mchungaji siku moja kabla, kitu ambacho sijui kama kuna parishi bado inakifanya, ila kinakuonyesha jambo hili walilichukulia kwa uzito gani. Baadaye makanisa mengi ya Kianglikana yalifungua mlango, Kanisa la Uingereza kwa mfano lilibadili sheria yake mwaka 1972 likaruhusu wabatizwa wa makanisa mengine yanayoamini Utatu, wenye msimamo mzuri huko kwao. Parishi nyingine za kimapokeo zimebaki na utaratibu wa zamani.

Mzee wako huenda yuko sahihi kwa utaratibu wa parishi yenu, ila kukaripia mbele ya mgeni hapo kachemsha. Kama jibu ni bado, rafiki yako anaweza kwenda mbele na wengine, akunje mikono kifuani, kasisi atambariki. Mwambieni mapema sana hilo, na mmwambie mkienda mnaenda wote, maana hakuna upweke kama ule wa kubaki peke yako kwenye benchi watu wote wamesimama wanakupita magotini.

Kuna familia mpya ina watoto watatu, kelele mwanzo mwisho. Watu wanageuka kuwaangalia. Tuwaambieje?

Waambieni hao wanaogeuka waache kugeuka. Kwenye ubatizo wa watoto wachanga, kwa kitabu chetu inasomwa Marko 10, waacheni watoto wadogo waje kwangu, tunaitikia amina wote, alafu miaka miwili baadaye mtoto yuleyule akiangusha kitabu cha nyimbo tunamtolea macho. Mpe mkubwa wao kazi, abebe sahani ya sadaka au agawe vitabu mlangoni. Watoto wanaipenda liturujia kuliko tunavyodhani, inajirudiarudia na wao wanapenda kinachojirudia. Wa jirani yangu ana miaka minne na anaitikia "Twaiinua kwa Bwana" kwa sauti kuliko kwaya.

Kuna kijana amekuja Jumapili tatu, mara zote nimemuuliza jina na mara zote nimelisahau. Naona aibu kumuuliza tena.

Muulize tu dada, mwambie wazi umesahau, yeye mwenyewe lako amelisahau. Alafu liandike kabla hujatoka getini. Mi nna kidaftari kwenye mfuko wa koti kazi yake ni hiyo tu, na Jumapili iliyopita bado nimemwita mtu jina la shemeji yake.