Bado naisubiri sidii ya pili

Wiki hii mmeuliza: mpenzi wa gemu za hadithi za Kijapani, hizi za RPG, anunue mashine ipi kwa kuangalia gemu zitakazotoka mbeleni? Jibu langu la haraka ni kwamba asinunue mashine kwa gemu ambayo haijatoka. Kampuni ikitangaza gemu imetangaza nia tu. Nasema hivi kwa sababu nimeshasubiri sana, na kusubiri kwangu kulianzia Majengo, hapa Dodoma.

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili. Jirani na soko la Majengo kulikuwa na banda la gemu lenye TV nne za chogo, zote mpira, foleni hadi nje. Ya tano ilikaa pembeni bila watu, maana ilikuwa na padi moja tu. Hapo ndipo nilipoikuta Final Fantasy VII, RPG ya Kijapani ya PlayStation, sidii ya kuchoma iliyoandikwa kwa maka pen. Nusu saa shilingi 200. Hela niliipata Hombolo kwa mjomba, Jumamosi za kuchuma zabibu. Memori kadi ya kuhifadhi nilipofikia nilinunua yangu, na sikuilaza bandani hata siku moja. Wenzangu walishangaa mtu analipa hela ili asome maandishi. Kweli nilikuwa nasoma, kamusi mapajani, na Kiingereza nilichoandika kwenye daftari lile kilinisaidia hadi kidato cha nne. Neno "materia", kumbe ni vito vya uchawi vya mle gemuni tu, nililitafuta kwenye kamusi wiki nzima.

Ilinichukua miezi. Faili langu lilifika saa 26. Kisha Aeris, msichana wa kundi letu, ndivyo jina lake lilivyoandikwa kwenye toleo lile, akauawa akiwa amepiga magoti anasali. Nilikuwa nimempa fimbo nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Cloud, shujaa wa gemu, akambeba, akamlaza majini taratibu, na baadaye kidogo skrini ikaniambia niweke sidii ya pili.

Haikuwepo. Braza mwenye banda alimwaga boksi lote la sidii, tukazipanga mkekani moja moja, hata zile zilizochubuka. "Dogo, hii niliinunua hivihivi. Nitakuagizia Kariakoo." Nikawa napita kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza mzigo haujafika. Ya pili umefika, wamechanganya. Ya tatu akanipa sidii imeandikwa FF 2. Mikono ilitetemeka nikiiweka, ukatokea mpira. Nikazunguka kwa wauza sidii wote hadi Sabasaba, wengine hawakuelewa hata naulizia nini. Mwezi wa kumi na mbili banda lilifungwa, na braza akahamia Singida.

Baadaye nilikuja kujua kwa nini gemu ile iligawanywa. Square, watengenezaji wake, waliiacha Nintendo wakaenda PlayStation kwa sababu sidii moja ilibeba zaidi ya MB 600, wakati katriji, yaani kaseti ya gemu, ya Nintendo 64 haikuvuka MB 64. Gemu ikatoka 1997 na sidii tatu. Ingekuwa kwenye katriji nisingepoteza nusu yake, ila pia isingekuwa gemu ile.

Mwaka 2011, mshahara wangu wa kwanza wa maana, nilinunua PS3 iliyotumika kwa ajili ya gemu moja: Final Fantasy Versus XIII, iliyotangazwa 2006. Mwaka 2013 wakaibadilisha jina kuwa Final Fantasy XV na kuihamishia PS4 na Xbox One. Ilitoka Novemba 2016. PS3 yangu haikuiona kamwe.

Lakini mashine hiyohiyo, mwaka 2017, ilinichezea Persona 5. Nilipoinunua, gemu hiyo ilikuwa bado haijatangazwa rasmi. Nimecheza gemu chache maishani zilizonishika vile. Kwa hiyo siwezi kusema PS3 ilinipotezea hela, na sentensi yangu ya juu kule sasa naiona imekaza mno. Anayeipenda Xenoblade, kwa mfano, anunue ya Nintendo bila wasiwasi, maana waitengenezao, Monolith Soft, ni kampuni ya Nintendo yenyewe. Anayesubiri Dragon Quest XII, iliyotangazwa 2021, asitoe hela kwanza.

Na mimi? Final Fantasy VII inatengenezwa upya kwa sehemu tatu. Ya pili, Rebirth, ilitoka PS5 Februari 2024, na inaishia palepale: Aerith, ndiye yule Aeris, na magoti yale. Sehemu ya tatu ni ile sidii ambayo braza hakuipata. Najua gemu ya zamani ipo hadi kwenye simu. Niliianza upya nikaishia Midgar, mji wa mwanzo, sikuwa na moyo wa kurudia saa 26 zile kwenye kioo kidogo.

Basi nitanunua PS5 kwa gemu ambayo haijatoka. Nitanunua iliyotumika, na iwe yenye mlango wa sidii, kwa sababu Rebirth pekee inazidi GB 100 na bando la hapa kwangu Nkuhungu haliwezi kuibeba. Kava la Rebirth lina sidii mbili. Nitalifungua palepale dukani nizione zote mbili kabla sijatoa hela.