Kwa mnaoanza kupanda mlima wa Isongole kwa baiskeli na kundi: onyesheni mashimo

Jumapili iliyopita nimewaona tena. Tumetoka Uyole, hapa Mbeya, tuko tisa, baridi ya Juni inauma masikio, na kabla hatujaimaliza Igawilo vijana wawili wakasimama juu ya pedali, wakatuacha. Najua ilikotoka. Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, mlimwona Pogačar, yule Mslovenia, akishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Sasa kila mmoja wenu anataka kuondoka mapema. Tulipofika karibu na njia panda ya Isyonje, mmoja alikuwa amekaa kwenye mtaro, midomo imepauka, anaomba ndizi. Mwenzake alikuwa na pancha na hana pampu. Nawapenda sana, wadogo zangu, ndiyo maana nimeona niandike, maana kwenye mlima nikiwasema pumzi hainitoshi.

1. Kuleni kabla hamjasikia njaa. Ndizi moja kila nusu saa, kuanzia Uyole, siyo kuanzia mtaroni.

2. Upepo. Aliye nyuma ya mwenzake kwenye tambarare anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake, kwa hiyo zamu ya mbele iwe fupi, na ukifika mbele usiongeze mwendo. Hili la kuongeza mwendo mnalifanya wote, hata wale wapole. Mtu amekaa nyuma amepumzika, akipewa zamu anaruka kama ameng'atwa na siafu, na aliyetoka kuvuta anaachwa palepale. Kuna mbio za velodromu, yaani uwanja wa duara wa mbio za baiskeli, ambazo ningetamani kila mgeni azitazame kabla ya kupanda na sisi: timu mbili za watu wanne wanne, kilomita 4, baiskeli hazina breki na pedali hazisimami mpaka gurudumu lisimame. Saa ya timu inasimama anapovuka mtu wa tatu. Wa kwanza akivuka peke yake, mbali kiasi gani, haimsaidii mtu. Sisi Mbeya hatuna velodromu, lakini watu wa tatu tunao, na mara nyingi ndio mnaowaacha hapo juu kwenye mashamba ya viazi.

3. Tairi lako la mbele lisipishane na tairi la nyuma la mwenzako. Yakigusana unaanguka wewe, yeye anaendelea.

4. Onyesheni mashimo. Hapa mnivumilie, nitachukua muda.

Nilikuwa na miezi mitano kwenye kundi. Nilinunua baiskeli ya mbio ya mtumba, imekongoroka, na aliyeifufua ni fundi mmoja wa Uyole, mzee aliyekwisha kupita miaka hamsini. Alininyooshea ringi zote mbili spoku kwa spoku, akachukua hela ya vifaa tu, ya kazi akakataa. Ndiye aliyenifundisha kupanda Isongole nimekaa kitini, nikihesabu pumzi. Siku ile usiku mvua ilikuwa imenyesha, lami bado mbichi, tunateremka kuelekea Kiwira. Mimi mbele, mzee nyuma yangu, katikati yetu haipiti hata mbuzi. Kichwani nilikuwa nimeshapanga: baada ya Ntokela naondoka, niwe wa kwanza Kiwira.

Shimo nililiona mapema. Upana wa karai, limejaa maji. Muda wa kushusha mkono na kulionyesha ulikuwepo, tena wa kutosha. Lakini kuachia usukani kunapunguza mwendo kidogo, na mimi sikutaka kupungua. Nikalikwepa kwa kiuno, kimya. Nyuma nikasikia chuma kinapiga lami.

Mtulinga wa kulia ulivunjika. Fundi baiskeli asiye na mkono wa kulia! Kibanda kilifungwa wiki nyingi, wateja wakahamia kwa wengine. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpeleka hospitali, na kila Jumamosi nilipeleka mchele na sukari nyumbani kwake. Mke wake alikuwa ananiambia "ndaga fijo, mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ananipikia chai. Wageni wakimuuliza mzee ilikuwaje, alijibu kwamba barabara ilikuwa na maji, hakuliona shimo. Nami nilikuwa nimekaa palepale, kikombe mkononi, nikamwacha aseme hivyo. Siyo mara moja. Kuliko hata lile shimo, zile chai ndizo zinazoniamsha usiku.

Nilikaa nalo miezi minne. Siku niliyokwenda kusema, mzee alikuwa ameshafungua kibanda, ameinamia ringi ya baiskeli ya mkaa. Nikasema, "Mzee, lile shimo mimi nililiona." Hakuinua macho. Akaizungusha ringi, akaisikiliza inavyokwaruza.

"Najua," akasema. "Aliye nyuma anaona kila kitu. Nilikuona unalitazama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akanijibu kwamba alikuwa ananisubiri mimi. Kisha akanipa ufunguo wa spoku, akanionyesha ya kukaza na ya kulegeza, tukafanya kazi mpaka giza likaingia.

Shimo, kokoto, tuta, mbuzi: mkono chini na sauti juu. Kama mkono hauwezi kuachia breki, paza sauti peke yake.

5. Bebeni tyubu mbili, pampu, na vijiko vya kutolea tairi. Mwaka 1913, kwenye Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, Eugène Christophe alivunjika uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, akiteremka mlima wa Tourmalet. Sheria ilikataza kusaidiwa. Akaibeba baiskeli kwa miguu zaidi ya kilomita kumi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akauchomelea uma mwenyewe kwa mhunzi huku waamuzi wakimtazama, na bado wakamwadhibu kwa sababu kijana mmoja alimpulizia mivukuto. Namheshimu Christophe kuliko washindi wengi. Lakini sisi hatuna sheria ya namna ile. Mwenzako akipata pancha, wote tunasimama, mmoja anashika baiskeli, mwingine anapampu.

6. Maji vilevile. Italia iligawanyika kati ya mahasimu wawili wa baiskeli, Coppi na Bartali, lakini iko picha ya mwaka 1952 chupa inapita kati ya mikono yao wakiwa mlimani, na watu bado wanabishana nani alimpa nani. Aliye nayo atoe.

7. Juu pale Isongole, kabla ya kuteremka, ingiza gazeti kifuani ndani ya jezi. Ukungu wa Rungwe hauna huruma na kifua chenye jasho.

Na wewe uliyeniambia unataka kuwa kama Girmay, yule mwendesha baiskeli wa Eritrea, nimefurahi kwa dhati. Amekulia Asmara, mji wa juu wenye baridi kama kwetu, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuchukua jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Miguu unayo. Jumapili tuonane Uyole saa kumi na mbili na nusu, uje umekula.

Mzee atakuwepo. Bega lake la kulia limebaki chini kidogo, utalitambua. Kwenye mteremko wa Ntokela mimi hukaa mbele yake, na nikiona hata ufa tu nashusha mkono na kupaza sauti, naye ananijibu nyuma, "Nimeliona."