Jikoni na Shangazi: Sosi ya siki imenishinda, na watu 40 wanakuja

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Arusha, siku hizi niko Omaha, Nebraska, kikazi. Kabla ya hapo nilikaa Greenville, North Carolina, na huko nikanogewa na ile nyama ya nguruwe inayochomwa usiku kucha, ikachambuliwa, ikatiwa sosi nyepesi ya siki na pilipili. Huku kila duka ninaloingia nakuta sosi nzito, nyekundu, tamu mno. Nikasema nitengeneze mwenyewe. Nilichemsha siki na pilipili, nyumba nzima ikakohoa, ninayeishi naye akatoka nje na sahani yake. Nikaimimina juu ya nyama: juu kukawa chachu hadi meno yanakufa ganzi, ndani hakuna ladha. Sasa ushirika wetu wa Waswahili kanisani una chakula mwezi ujao, watu kama 40, na nimeshajitapa kwamba nyama niachiwe mimi. Ninunue wapi, au nitengeneze vipi?

Msomaji, Omaha

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeshajitapa, basi tupike.

Habari ya kununua ni fupi. Chupa zipo, na zinaagizwa mtandaoni. Hapa Raleigh, North Carolina, ninapoishi, ninayoikubali ni Scott's, ya familia ya Goldsboro iliyoingia kwenye biashara hii mwaka 1917. Ni siki na pilipili, haina sukari. Ukiwa dukani usidanganywe na neno Carolina lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele. Geuza chupa usome nyuma. Kitu cha kwanza kikiwa siki, weka kwenye kikapu. Kikiwa nyanya au sharubati ya mahindi, rudisha. Ukiona ya njano, hiyo ni ya haradali, ya majirani zetu wa South Carolina. Ina wenyewe, lakini siyo uliyoizoea Greenville.

Ila kwa watu 40, kununua chupa ndogondogo ni kutupa hela. Lita moja ya siki ya tufaha ni bei ya soda mbili tatu, na kazi yenyewe haizidi dakika kumi. Kwa lita hiyo moja, yenye ukali wa asilimia 5 kama ilivyo kawaida huko kwenu, tia vijiko vikubwa 2 vya chumvi, vijiko vikubwa 2 vya pilipili kavu iliyopondwapondwa na mbegu zake, kijiko kikubwa 1 cha pilipili manga uliyoisaga muda huohuo, na robo kikombe ya pilipili ya chupa ile nyepesi. Watu wa huku hutumia Texas Pete, ambayo licha ya jina lake inatengenezwa Winston-Salem, hapahapa North Carolina. Funga, tikisa mpaka chumvi iyeyuke, weka kabatini. Usiibandike jikoni. Siku ya kwanza utaionja utasema Shangazi kanidanganya, maana siki itakuwa upande wake na pilipili upande wake. Iache siku mbili tatu, vitakuwa vimeelewana, na rangi itakuwa imegeuka ya chai ya rangi.

Kukohoa kule kulikuwa ni kwa sababu ya moto. Siki ikichemka, ule ukali unapanda hewani pamoja na mvuke, na umeusindikiza na pilipili, kwa hiyo mmevuta pilipili wote nyumbani. Ukiwa na haraka na chumvi haiyeyuki, pasha kidogo tu, iwe vuguvugu, dirisha wazi, na sufuria iwe ya chuma cha pua. Zile za alumini tulizokulia nazo hazipatani na siki. Utapata ladha ya bati.

Sukari sasa. Najua kuna wazee wa mashariki ya North Carolina watakaonifungia mlango, lakini mimi natia vijiko vikubwa 2 vya sukari ya kahawia kwa lita, na sijioni nimekosea. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwatuma watu wakawahoji wazee waliozaliwa utumwani, na mmoja wao, Wesley Jones wa South Carolina, alieleza jinsi alivyokuwa akikesha kuchoma nyama za sherehe. Sosi yake ilikuwa siki, pilipili manga, pilipili nyekundu, chumvi, siagi, kitunguu, kitunguu saumu, giligilani na majani mawili matatu ya harufu. Akaongeza kwamba wengine hudondoshea sukari kidogo. Alifunga kitambaa laini kwenye ncha ya fimbo ndefu, akawa anaipaka nyama hiyo sosi usiku wote mpaka inachuruzika motoni. Mikono ya kina Wesley Jones ndiyo iliyoijenga nyama hii. Kwa hiyo mtu akikukaripia kuhusu kijiko cha sukari, una wa kumtaja.

Ketchup usitie. Ukitia utakuwa umehamia Lexington, upande wa magharibi, ambako wanachoma bega tu na sosi yao ina wekundu kidogo. Ni watamu nao, lakini ni ugomvi mwingine kabisa, na mimi nina marafiki pande zote mbili.

Tuje kwenye kosa lenyewe. Sosi hii si ya kumwagia juu kama mchuzi. Ni kiungo, inaingia ndani ya nyama wakati nyama bado inatoa mvuke. Ukipata nafasi ya kurudi huko, nenda Ayden, si mbali na Greenville, kwenye mgahawa wa Skylight Inn uliofunguliwa mwaka 1947. Utaujua kwa kuba lake la mbao lililoigwa jengo la Bunge la Marekani. Wanachoma nguruwe mzima kwa kuni, wanamkata kwa mapanga mawili juu ya gogo pamoja na ngozi iliyokauka, na palepale kwenye gogo ndipo siki, chumvi na pilipili vinapotiwa, panga likiendelea kushuka. Ikifika sahanini imeshakolea, hudai kitu.

Mzee mmoja niliyefanya naye kazi jikoni kwenye shule moja, mzaliwa wa maeneo hayohayo, alikuwa na sosi yake kwenye chupa ya soda, kizibo kimetobolewa matundu matatu kwa msumari. Alikuwa akinyunyiza, anageuza nyama kwa mikono, anaonja, ananyunyiza tena, hasemi na mtu. Nifuate mimi sasa, maana nilisimama karibu.

Nunua bega la nguruwe lenye mfupa, lile la sehemu ya juu. Nyama inapungua karibu nusu ikiiva, kwa hiyo kwa watu 40 nunua kilo 12 mbichi, yaani mabega matatu ya kilo nne nne. Usiku wa kuamkia kupika, yapake chumvi ya kutosha kila upande na uyaweke kwenye friji bila kuyafunika. Hapo ndipo ile ladha ya ndani uliyoikosa inapopatikana. Siki haiwezi kufanya kazi ya chumvi ya usiku.

Kama una jiko la moshi, tumia kuni za mwaloni au za hickory, mti mgumu wa huku Marekani. Kama huna, oveni haina aibu. Weka nyuzi 250 za Fahrenheit, upande wa mafuta juu, na ujipe saa nane hadi kumi. Tumia kipimajoto cha nyama. Kikifika kama 160 kitagoma, saa nzima au mbili hakipandi, na hapo ndipo watu wanapoingiwa na wasiwasi wakaongeza moto. Nyama inatoa jasho na jasho linaipoza, basi. Vumilia, au ifunge kwa foili. Unachotafuta ni 200 hivi, pale zile kano ngumu za bega zinapoyeyuka kuwa ute. Kwenye 165 nyama imeiva na haina madhara, lakini itakuvunja vidole kuichambua. Jaribu mfupa: ukiushika ukatoka mweupe peke yake bila ubishi, toa.

Ipumzishe saa moja ikiwa imefunikwa. Kisha vaa glovu za pamba na za plastiki juu yake, chambua kwenye trei pana, mafuta magumu uyatupe, ile ngozi nyeusi ya nje uikatekate na kuichanganya humo humo kwa sababu ndiyo yenye moshi. Kwa kila bega nyunyiza kikombe kidogo cha sosi, geuza kwa mikono, subiri dakika tano, onja. Ukisikia siki kabla ya nyama, umezidisha. Ukisikia nyama, halafu siki ikaja kusafisha mafuta ulimini, halafu pilipili ikabaki kooni, funika uite watu. Sosi iliyobaki iende mezani kwenye chupa yenye kizibo cha matundu. Skonzi laini, kabichi iliyokatwa nyembamba, na kwa vile ni Waswahili, mtu mmoja alete wali, maana kuna wazee hawajala mpaka waone wali.

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi nipo Moshi. Mwanangu aliyesoma Marekani anataka tupike kitimoto kwa mtindo huo wa siki. Siki ninayoiona madukani ni nyeupe tu, oveni sina, nina jiko la mkaa. Halafu baba yake anasema siki inaua minyoo ya nguruwe kwa hiyo nyama haina haja ya kuiva sana. Ni kweli?

Mama wa Moshi

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na baba, kwa heshima zote: hapana. Siki ya kunyunyiza haiui mabuu ya tegu yaliyo ndani ya nyama. Moto ndio unaoua. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye mabuu anapata tegu tumboni, halafu mayai yanayotoka na choo chake yakiingia kwenye chakula au mikono ya watu wa nyumba hiyo, mabuu yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Nunua bucha ambayo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi, na ukikata ukaona vijifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele, usile. Habari njema ni kwamba nyama ya kuchambua inapikwa kupita sana kiwango cha kuua hayo mabuu, kwa hiyo baba atakula salama hata akiendelea kubisha.

Siki nyeupe inafaa, ila ni kali kavukavu, haina harufu ya tunda. Changanya vikombe 3 vya siki na kikombe 1 cha juisi ya tufaha ya pakiti, kisha chumvi na pilipili kama nilivyomwambia kijana wa Omaha, bila sukari kwa sababu juisi inayo. Soma chupa: iandikwe ni ya chakula na asilimia 4 au 5. Zile chupa zisizo na maandishi ziache dukani. Asidi iliyokolea inaunguza koo.

Kuhusu jiko, unajua kuoka keki kwa mkaa juu na chini? Ndivyo hivyo. Bega la kilo mbili lililolala na chumvi, sufuria nzito, vikombe viwili vya maji chini, mfuniko unaobana, makaa machache chini na machache juu ya mfuniko. Moto uwe mdogo, saa nne au tano, ukiangalia maji yasikauke. Ikilegea, itoe uimalizie kwenye wavu juu ya makaa yenye kipande cha mti wa mpera, ipate moshi na ukoko. Siki itie baadaye, kwenye bakuli la kioo au la plastiki, si humo kwenye sufuria ya alumini. Ndizi za kuchoma pembeni, na ndimu mtasahau kuiulizia.

SWALI

Asalaam aleikum Shangazi. Mimi Mwislamu wa Mombasa, nguruwe simo. Lakini sosi yenyewe imenivutia. Yaweza kuingia kwa kuku?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu. Yaingia, na vizuri sana. Mashariki ya North Carolina nako kuku wa kuchoma hupakwa siki na pilipili. Chukua mapaja yenye ngozi, yatie chumvi asubuhi, yachome jioni kwa moto wa wastani ukiyapaka sosi kila unapogeuza. Sukari usitie mpaka mwisho, huungua. Paja litoe likishavuka nyuzi 80 za Selsiasi, au ukichoma kwa kisu karibu na mfupa maji yatoke meupe, kisha lipake mara ya mwisho na ulifunike dakika tano.

Angalia kitu kimoja: sosi ya kupaka imimine kwenye bakuli lake. Brashi iliyogusa kuku mbichi isirudi kwenye chupa ya mezani, na hata ile ya kupaka mara ya mwisho iwe brashi nyingine safi.