Uliza Shangazi: Bahari ilikimbia, watoto wakalia

Mwezi huu kapu la barua limejaa chumvi tupu, karibu kila mtu anauliza bahari. Nimechagua nne, ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu zaidi, mnivumilie.

Sasa shangazi. Agosti shule zikifunga tunataka kupeleka watoto Mombasa, mapacha wa miaka saba na kadogo ka miaka mitatu, na hakuna mtu kwa hii nyumba anajua kuogelea, hata baba yao ambaye anajifanya. Tulienda mwaka juzi siku mbili na tuliaibika, asubuhi saa nne tumejipaka mafuta tumefika ufuo wa Pirates bahari haiko, imeenda huko mbali unaona tu watu wakiokota vitu kwa mawe, watoto wakaanza kulia, tukarudi kwa rumu tukalala, kurudi saa kumi maji yamejaa mpaka ukutani hakuna mahali pa kuweka hata leso. Tulikosea wapi? Na ni hoteli gani haiwezi kutufanyia hivyo?
*Mama Mapacha, Nakuru*

Pole dada yangu, lakini nimecheka. Hamkukosea hoteli, mmekosea mwezi, na simaanishi mwezi wa kalenda, namaanisha ule wa juu angani. Mlienda bamvua.

Ngoja nikueleze vile babu yangu alivyonieleza. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku hizo na moja mbili zinazofuata ndiyo bamvua, maji yanakupwa sana na yanajaa sana, Mombasa tofauti yake inapita mita 3, yaani ghorofa moja nzima ya maji inaenda na kurudi. Na kwetu huku bamvua ina saa zake, maji kavu huwa mnamo saa nne asubuhi, yakijaa ni kama saa kumi jioni. Sasa hebu soma tena barua yako. Saa nne bahari haiko, saa kumi iko ukutani. Ungenipigia simu hata bila kuniambia tarehe ningekwambia mwezi ulikuwaje usiku ule.

Wiki moja baadaye mambo yanageuka, mwezi unakuwa nusu, tunaita maji mafu. Hayaendi mbali hayaji juu sana, mchanga unabaki wa kutosha kutandika mkeka, na raha yake ni kwamba wakati huo kujaa kunaangukia asubuhi, saa nne saa tano hivi. Hayo ndiyo maji ya watoto. Kwa hiyo kabla hujatafuta hoteli, kabla hujakata tiketi, angalia mwezi. Kama una jirani Muislamu muulize leo ni mwezi ngapi, ukiambiwa kuanzia saba mpaka kumi, au ishirini na mbili mpaka ishirini na tano, hapo ndipo pako. Na kwenye simu andika tu "tide Mombasa" utaletewa saa na urefu wa maji wa kila siku. Ila urefu ndio wa kutazama, watu wanaangalia saa peke yake alafu wanashangaa.

La pili ni Agosti yenyewe. Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki tangu Aprili hivi, na katikati ya mwaka ndiyo unapiga kwelikweli, bahari inachafuka, maji hayana ule ubuluu wa kwenye picha na mwani unaletwa ufuoni kwa mafungu. Mwani haumli mtoto, unanuka tu kidogo na unanata miguuni, waambie mapema wasije wakapiga mayowe. Maji yanakuwa kama nyuzi 25, kwa mtu wa Nakuru hiyo ni chai, sisi wa huku tunatetemeka. Ukitaka bahari tulivu kama sinia ni kaskazi, Desemba mpaka Machi, lakini Desemba nayo bei zinapaa na Pirates utakanyagana na Kenya nzima. Mimi kwa watoto wadogo naona Agosti si mbaya kabisa, mradi muingie asubuhi sababu upepo unazidi jua linavyopanda, na kumbuka tuna mwamba kule nje unaovunja mawimbi makubwa, ndani yake panabaki kama bwawa.

Hoteli sasa. Hoteli haina bahari yake dada, ufuo ni wa umma, na maji yanakupwa mbele ya hoteli ya nyota tano sawasawa na mbele ya kibanda cha madafu. Usilipie picha ya bwawa. Piga simu uliza mbele yenu ni mchanga au ni mawe, bwawa la watoto lina kina gani, na chumba cha familia kina vitanda vingapi vya kweli sio godoro chini. Kama anayepokea simu anababaika kwa hilo la mawe, ujue ni mawe. Jomo Kenyatta Public Beach, hiyo hiyo Pirates, ni bure na mchanga wake unashuka polepole, nendeni Jumanne au Jumatano mtapata nafasi, Jumapili na sikukuu acheni. Mkitaka mchanga mweupe zaidi na watu wachache ni Diani, mnavuka feri Likoni au mnazunguka na barabara ya Dongo Kundu, mimi feri naipenda, watoto watakumbuka feri kuliko hata bahari.

Mkija na treni mchukue ile ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi, watoto wanaona ndovu Tsavo na mnafika bado kuna mwanga. Ile ya saa tisa mnashuka stesheni ya Miritini giza limeshaingia, kadogo kamelala begani, na mjini bado. Tiketi za Agosti zinaisha haraka. Na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, hilo mnalijua tangu 2017, lakini wengi hawajui kwamba tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa hazitakiwi ufuoni, bebeni chupa zenu za kudumu.

Sasa la kuogelea na hapa sitanii. Hakuna anayejua kuogelea, basi bahari yenu inaishia kiunoni mwa mapacha, sio kiunoni mwa baba yao. Mtu mzima anasimama upande wa maji mengi akiwa ameuangalia ufuo, watoto wako kati yake na mchanga, na kadogo hakatoki mkononi, nasema mkononi sio machoni. Simu ibaki kwenye kikapu. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye sinema, ananyamaza tu, mdomo uko usawa wa maji na kichwa kimelala nyuma.

Yale matyubu ya kukodi mtayaona yamepangwa pale, meusi, ya lori. Nitakwambia kitu. Nikiwa na miaka kumi kakangu mdogo alikaa kwenye tyubu kama hilo, Bamburi hapohapo, maji yalikuwa yanaanza kutoka na sisi hatujui, mimi nilikuwa nalinda viatu na nikimtazama anaonekana anacheza tu, mara naona kichwa kimekuwa kidogo kama kokwa ya tende. Mkondo ulikuwa unampeleka mlangoni, pale mwamba ulipopasuka maji yakatoka kwenda bahari kuu. Mvuvi na ngalawa yake ndiye alimrudisha. Mama alimchapa yeye alafu akanichapa na mimi. Basi tyubu ni la kukalia maji yakiwa yanajaa na mtu mzima amelishika, maji yakianza kutoka watoto watoke nayo. Hata yale maboya ya mikononi ya kupuliza ni mchezo, hayaokoi mtu, ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja nunua jaketi la kuokolea linalomkaa mtoto, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Nguo za kuogelea chagua rangi ya chungwa au pinki inayowaka, ile buluu nzuri nzuri ikiingia majini haionekani.

Miguuni vaeni sandaki, zile za plastiki za mia mbili tatu. Kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wa baharini wa miiba mirefu kama sindano za cherehani, ukimkanyaga siku yako imeisha. Ikitokea, mguu kwenye karai la maji ya moto anayoweza kuvumilia, pima kwanza kwa mkono wako wewe, nusu saa au zaidi, na miiba inayoonekana itolewe taratibu na kibanio. Konyeza, yule wa baharini laini kama ute anayewasha, akimgusa mtoto msisugue na mchanga na msimwagie maji ya bomba, suuzeni na maji ya bahari hiyohiyo, kama anapumua kwa shida hiyo ni hospitali moja kwa moja. Na andika namba yako ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu ya wino. Pirates watoto hupotea mchangani zaidi kuliko majini, wote wanaonekana sawa wakishalowa.

Shangazi assalam aleikum. Tunakuja Mombasa mimi na binti zangu wawili, wamevunja ungo wote. Sitaki kukaa tu kwenye mkeka nalinda mikoba, nataka na mimi niingie. Je dera linafaa?
*Umm Binti, Eastleigh*

Waaleikum salaam, ingia mama, nani kakukataza. Utaona akina mama wengi wameingia na madera na hakuna atakayekutazama mara mbili, lakini dera ndani ya maji mimi silipendi. Likishalowa linakuwa zito kama gunia, wimbi likija linapanda kichwani, likirudi linakufunga miguu, na ukianguka kwenye maji ya magotini tu unaweza kushindwa kusimama. Tafuta ile suti ya kuogelea ya kujistiri, suruali na kanzu fupi na kofia yake, kitambaa chake hakishiki maji, Eastleigh kwenu zimejaa tena kwa bei nzuri kuliko kwetu. Ukikosa, suruali ya michezo na fulana ya mikono mirefu inayobana kidogo. Dera lisubiri kwenye mkeka la kujifunikia ukitoka, hapo ndipo kazi yake.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mtu wa Tanga naishi Birmingham, watoto wamezaliwa huku na bahari wanaijua kwenye katuni. Summer iliyopita niliwapeleka Weston-super-Mare, nikafika saa nane mchana badala ya maji nikakuta tope mpaka upeo wa macho. Nimeona aibu, mtu wa Tanga nimepotea bahari! Mwaka huu nifanyeje?
*Baba Wanne, Birmingham*

Marahaba mwanangu. Mtu wa Tanga ukasahau bamvua kwa sababu umevuka maji? Mwezi wa Uingereza ndio huohuo wa Tanga. Weston iko kwenye Bristol Channel, mkono wa bahari ambao maji yake hupanda na kushuka kwa kiasi kinachoshinda karibu kote duniani, bamvua tofauti inapita mita 10. Kule bamvua maji hujaa asubuhi na jioni, mchana yanakimbia zaidi ya kilomita moja, na wewe umefika mchana na sandwichi zako. Nenda mwezi ukiwa nusu, maji yanajaa mchana. Na lile tope usiwaache watoto walifuate wakitafuta maji, linameza mguu mpaka paja na maji yakirudi yanarudi haraka. Mtu akinasa alale nyuma autawanye uzito wake, piga 999 uombe Coastguard, wale waokoaji wa baharini, usimfuate ndani. Hapohapo Weston kuna Marine Lake, bwawa la maji ya bahari lililozungushiwa ukuta, maji yakikupwa lenyewe linabaki, soma kwanza bango la usafi wa maji pale mlangoni.

Lakini kama shangazi yako ningekushauri Bournemouth, treni inaenda moja kwa moja kutoka kwenu, mchanga mwingi na maji hayana vituko hivyo. Kuna malaifugadi, na pale wanapochomeka bendera mbili za nyekundu na njano, katikati ya hizo ndipo mnapoogelea. Bendera nyekundu tupu ni marufuku kuingia. Ile ya miraba nyeusi na nyeupe ni ya wenye mbao za kuteleza mawimbi, sio yenu. Soksi ya chungwa ikipepea juu ya mlingoti maana yake upepo ni mbaya, hakuna kupuliza boya wala mamba wa plastiki. Maji Agosti ni nyuzi 17 au 18, watoto wako watayaona ya kawaida, wewe ndiye utakayepata taabu. Usiruke, ingia taratibu jirushie maji kifuani kwanza, baridi ile inakukata pumzi ghafla, ikitokea lala chali uelee mpaka pumzi irudi ndipo uogelee. Na usiwaambie wenzio wa Tanga kuhusu tope.

Shangazi ngamia wa pale Pirates ni bei gani? Mwaka jana mwanangu kapanda dakika tano nikaambiwa bei ya kununua ngamia mwenyewe.
*Baba Amechoka, Machakos*

Bei inategemea umevaaje na umeongea Kiswahili cha wapi. Elewaneni mtoto akiwa bado chini, ni shilingi ngapi, mpaka wapi na kurudi, na picha imo au haimo. Akishapanda juu na akaanza kucheka, hapo baba huna la kusema tena, unatoa tu pochi.